Karatasi ya Majibu Isifichwe Sandukuni

Ndugu zetu, mzee akipimwa damu na kuambiwa kwamba kiwango chake cha PSA kimepanda, mara nyingi huikunja karatasi, akaificha sandukuni na kunyamaza. Wengine hudhani wamekwisha kuhukumiwa kifo. Wengine huona aibu kuchunguzwa. Twasema wazi: kunyamaza huko ni hatari.

Kwa kawaida, kiwango kinachozidi nanogramu 4 katika mililita moja ya damu huhesabiwa kuwa kimepanda; lakini hicho si hukumu. Tezi dume iliyotanuka kwa uzee, au maambukizo yake, huweza kukipandisha vilevile. Wala tusingojee maumivu, maana saratani ya tezi hiyo huanza kimyakimya. Kupambanua ni kazi ya daktari bingwa wa mfumo wa mkojo: huweza kurudia kipimo, kuipapasa tezi, kuagiza picha na, ikibidi, kuchukua vipande vidogo vya nyama vichunguzwe.

Lakini mabingwa hao hupatikana zaidi katika hospitali kubwa, kama zile za Moshi, Mwanza na Dar es Salaam. Mkulima wa kijijini atafikaje? Hapo ndipo haki inapoguswa. Rufaa isiyo na nauli ni karatasi tu.

Basi jumuiya ndogondogo zichange nauli, vijana wawasindikize wazee, na viongozi wa walei wadai katika vikao vya serikali kwamba mabingwa wafike wilayani. Mzee asiachwe peke yake na karatasi yake.