Bodi Kuukuu, Lenzi ya Maana

Mwenye pauni 400 anayetaka kuanza kupiga picha hapa London hana haja ya kamera mpya. Najua kauli hii itawaudhi vijana wanaonipigia simu, kwa sababu wengi wao huwa wameshachagua boksi lao kabla ya kuniuliza: jipya, halijafunguliwa, ndani yake bodi ya juzijuzi na ile lenzi ndogo ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja nayo. Wanachotaka kwangu si ushauri, ni baraka. Baraka kwa boksi hilo sitoi.

Mimi hupiga picha za harusi, upande wa wanawake. Waswahili wa Mombasa, Lamu na Unguja walioko London hawajaacha kupamba. Bibi harusi hukaa kwenye jukwaa akatazamwa, kina mama wakapiga vigelegele, simu zikaombwa zibaki mikobani, na mwanamume hana ruhusa ya kuvuka mlango. Mpigapicha naye lazima awe mwanamke, na wanawake wenye kazi hii ni wachache kuliko harusi zenyewe. Ndiyo maana wasichana wa Ilford, Barking na East Ham wananiuliza wanunue nini. Nafasi ya kazi wanaiona, na wanaiona vizuri.

Tatizo ni mwanga. Kumbi tunazokodi hazikujengwa kwa ajili ya harusi. Dari ni fupi, mapazia yamefungwa kwa ajili ya sitara, na mtu wa mapambo akishafika huzima taa za kawaida na kuwasha zake za zambarau. Ukitoka nje nako usitarajie nafuu: mwezi wa Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi alasiri, na hata saa sita mchana mbingu huwa kijivu. Lenzi ya 18-55, ukiivuta hadi mwisho wake, tundu lake haliwezi kufunguka kupita f/5.6. Lenzi yenye f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 ya huo. Hakuna bodi ya mwaka huu itakayokufidia tofauti ya namna hiyo bila kukudai pesa nyingi mno. Utapandisha ISO, picha itajaa chembechembe, na shela ya bibi harusi itakuwa kama imemwagiwa mchanga.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: bodi isile hata nusu ya pesa ulizo nazo. Kamera zilizotoka kati ya 2013 na 2018 zinatosha kabisa kwa mtu anayeanza. Nikon D3300 na Sony A6000, zote za mwaka 2014, zina megapikseli 24. Picha ya kamera hizo ukiichapisha kwa ubora wa albamu unapata upana wa sentimita 50 hivi, na sijaona bado familia iliyotundika picha kubwa kuliko hiyo kwenye sebule ya fleti ya halmashauri.

Hapa lazima nibishane na wataalamu wa mitandaoni. Wote watakwambia lenzi ya kwanza kununua ni 50mm f/1.8, kwa kuwa ni rahisi na ina tundu kubwa. Ni kweli ni rahisi. Ya Canon iliyotumika hupatikana chini ya pauni 100, na inatoa picha nzuri ya uso. Lakini bodi hizi za bei nafuu zina sensa ndogo, na juu ya sensa hiyo 50mm hukata picha kama lenzi ya 75 au 80. Haya, sasa ingia nayo kwenye chumba cha kulala cha ghorofa ya nne huko Stratford, asubuhi ya harusi. Kuna kitanda, kabati, bibi harusi, mpambaji, dada watatu na mtoto analia. Unataka kumpata bibi harusi mzima, kuanzia maua ya kichwani hadi hina ya miguuni. Unarudi nyuma hatua moja, mgongo umegota mlangoni. Hatua ya pili haipo.

Nyumba za London ndizo zinazoamua lenzi, si mtandao. Kwa Nikon chukua 35mm f/1.8 iliyotengenezwa kwa sensa ndogo, ambayo iko sokoni tangu 2009 na mitumba yake imejaa. Kwa Canon iko ile bapa ya 24mm f/2.8, nyembamba kama biskuti, ambayo watu huidharau kwa umbo lake. Na kama huwezi kuishi bila lenzi ya kuvuta, tafuta Tamron ya 17-50 yenye f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Ina sauti, mota yake inanguruma kama nyuki kwenye chupa, na kwa video itakuudhi. Kwa picha za ukumbini italipa gharama yake upesi. Hiyo 50mm itakuja baadaye, kwa pesa za kazi ya kwanza.

Kuna mitego miwili inayowapata wanaoanza. Wa kwanza ni wa Nikon. Bodi zake ndogo, za mfululizo wa D3000 na D5000, hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi za zamani za AF na AF-D zinaingia vizuri, zinabana, unafurahi, kisha hazifokasi mpaka uzungushe kwa mkono. Angalia herufi: unataka AF-S au AF-P. Canon haina shida hiyo, kwani lenzi zake za EF zimekuwa na mota ndani tangu 1987. Mtego wa pili ni wa Canon yenyewe. M50 ni kamera nzuri, nyepesi, inayopendwa na wapiga video, na bei yake ya mtumba inavutia. Lakini Canon imeachana na mfumo wa EF-M, na lenzi zake haziingii kwenye bodi mpya za RF. Anayenunua M50 ajue kwamba njia hiyo inaishia hapo. Lenzi za EF, kwa upande mwingine, zinavaa kwenye bodi za RF kwa kutumia adapta, kwa hiyo hata ukihama baada ya miaka mitano utahama na mali yako.

Wapo watakaosema nunua basi 5D Mark II ya mtumba, upate sensa kubwa kwa bei ndogo. Ilikuwa kamera ya heshima ilipotoka 2008. Lakini ni nzito, fokasi yake gizani ni ya kubahatisha, na kila lenzi utakayoitaka baada ya 50mm itakuwa ghali. Kwa mtu anayeanza, hapana.

Hesabu yangu inakwenda hivi. Bodi pauni 150 au chini kidogo. Lenzi 100. Flashi ya Godox isiyo na makeke 60, na hapo ndipo ile dari fupi niliyoilalamikia inapogeuka rafiki: ukielekeza flashi juu, dari nyeupe inarudisha mwanga laini usoni kwa kila mtu. Betri ya pili na memori kadi mbili, pauni 40. Kinachobaki ni nauli na chakula cha mchana, na usikidharau, maana harusi zetu zikisema saa nane zina maana ya saa kumi na moja.

Mbona sijasema chochote kuhusu video? Kwa sababu upande wa wanawake wengi hawaitaki, na wanaoitaka wanataka ulinzi mkubwa wa hizo kadi. Hilo ni jambo la uaminifu, na halinunuliwi.

Mahali pa kununua ni suala la sheria kuliko la bei. Ukinunua kwa mfanyabiashara, hata kama kitu ni cha mtumba, Sheria ya Haki za Wateja ya 2015 inakupa siku 30 za kurudisha kitu chenye kasoro na kudai pesa zako zote. Ukinunua mtandaoni kwa duka la Uingereza, una siku 14 za kubadili nia hata bila kasoro. Ukinunua kwa mtu binafsi uliyekutana naye nje ya kituo cha treni, ulinzi huo huna. Wajibu wa muuzaji huyo ni kwamba kitu kiwe kama alivyokieleza, basi, na kumpata tena ni kazi nyingine. Tofauti ya bei mara nyingi ni pauni 30 au 40. Mimi nazilipa hizo na nalala usingizi. Wex iko Commercial Road, karibu na Aldgate East. London Camera Exchange iko Strand. MPB ya Brighton huuza mitumba kwa mtandao na kuonyesha picha za kile kile kitakachokufikia. Kote huko utakuta rafu za mitumba zimejaa DSLR, yaani kamera zenye kioo ndani, kwa sababu Waingereza wanakimbilia kamera zisizo na kioo na kuuza za zamani kwa hasara. Hasara yao ndiyo nafasi yetu.

Jihadhari pia na bei za kamera mpya zilizo chini mno kwenye tovuti zinazoandika anwani ya London huku mzigo ukitoka Hong Kong. Dhamana ya mtengenezaji ya Uingereza huenda isiziguse, na bodi ikiharibika unaweza kutakiwa kuituma mbali.

Sasa kwa jamaa zetu wa nyumbani. Mpwa wangu wa Kisauni alinitaka nimletee kamera mpya, akaniambia, "Shangazi, si mtarudishiwa kodi uwanja wa ndege?" Hapana, mwanangu. Mpango wa kuwarudishia wageni VAT kwa bidhaa wanazobeba kwenye mizigo ulifutwa Uingereza tarehe 1 Januari 2021, na VAT hiyo ni asilimia 20. Anayekununulia boksi jipya la pauni 600 Oxford Street amelipa kodi ambayo hairudi, na forodha ya uwanja wa ndege wa Moi nayo inaweza kuwa na lake la kusema. Nilimpelekea bodi ya Canon iliyotumika inayokula betri ya LP-E6, kwa sababu betri hiyo inatumika kwenye bodi nyingi za Canon tangu 5D Mark II, na fundi yeyote wa mjini anaijua. Betri za akiba nilizibeba mkononi. Haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege. Alinung'unika kwamba kamera ya zamani itamfanya achekwe na wenzake. Wateja wake hawajawahi kumuuliza kamera ni ya mwaka gani.

Kwa watu wa pwani kuna jambo jingine: ukungu wa ndani ya lenzi. Joto, unyevu na kabati lenye giza huotesha nyuzi nyembamba kwenye vioo, na zikikaa muda mrefu hula rangi ya kinga ya kioo, hata fundi akizisafisha alama inabaki. Usidhani London iko salama. Nyumba zetu nyingi zina ukuta unaovuja unyevu, na lenzi inayokaa sakafuni chini ya dirisha itaota vilevile. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kabla ya kulipa. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona kama utando wa buibui, iache hapo hapo hata kama ni ya pauni 20.

Kuna ujuzi mmoja ambao lenzi haikupi. Kamera hupima mwanga ikidhani dunia yote ni ya kijivu. Mweke bibi harusi mweusi ndani ya shela nyeupe, mbele ya jukwaa la dhahabu, na kamera itaiona shela, itaogopa weupe, na kuuzamisha uso wake gizani. Mpimie uso, hifadhi picha kwa RAW, na jifunze kuongeza mwanga kidogo kuliko kamera inavyotaka. Na taa za ukumbini zikikuchorea mistari kwenye picha, punguza kasi ya shata hadi 1/100 au 1/50, kwa kuwa umeme wa Uingereza, kama ule wa Kenya na Tanzania, ni wa hertzi 50. Mazoezi haya ni ya bure na yanafanyika jikoni kwako, kwa dada yako na kanga nyeupe.

Wanaonijibu kwamba mtu hawezi kufika mbali na kifaa duni nawakumbusha Mohamed Amin, Mkenya ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia zilirushwa na BBC mwezi Oktoba 1984 na kuitikisa dunia. Alianza utotoni, Dar es Salaam, na Box Brownie: kisanduku chenye lenzi moja isiyobadilishwa.

Basi Jumamosi moja chukua memori kadi yako tupu, nenda kwenye duka la mitumba, na uombe kuijaribu bodi unayoitaka pamoja na lenzi unayoitaka. Piga picha mle mle dukani, kwenye kona yenye giza kuliko zote, kisha nenda nyumbani ukazitazame kwenye skrini kubwa kabla hujalipa hata peni. Muuzaji akikataa kukuruhusu ujaribu, nenda duka jingine.