Tujifunze Kuogelea Kabla ya Kushika Kasia



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara na lishe ya watoto. Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya mchezo wa kupiga makasia. Sababu ni hii. Siku moja ya sikukuu, sisi wauguzi tuliletewa vijana wawili ambao mtumbwi wao ulipinduka katika mashindano, karibu kabisa na ufuko. Wote wawili walikuwa wapiga kasia hodari, na wote wawili hawakujua kuogelea. Mmoja alirudi nyumbani baada ya siku mbili. Mwenzake alifika kwetu akiwa ameshakata roho.

Hatusemi mashindano yafutwe. Mchezo huu ni mzuri kwa afya. Apigaye makasia hutumia mikono, mgongo, tumbo na miguu kwa pamoja, na moyo na mapafu hufanya kazi ya kutosha. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Siku hizi hata kando ya Ziwa Viktoria wengi wetu hatuzifikishi. Mitumbwi mingi inatumia injini, vijana wanashinda vijiweni, na kliniki zetu zinapokea wagonjwa wengi wa shinikizo la damu na kisukari. Kasia lingetusaidia sana. Tunachouliza ni namna ya kulitumia.

Hapo tunapenda kuwatolea mfano wa mbali. Katika jiji la Boston, Marekani, unapita mto uitwao Charles. Kupiga makasia katika mto huo ni mchezo wa siku nyingi. Mwaka 1869 wafanyakazi wa kiwanda cha kuchapa vitabu walianzisha hapo klabu yao iitwayo Riverside. Lakini kwa muda mrefu mchezo ulikuwa hasa mikononi mwa vyuo vikuu vyenye fedha na klabu za wanachama wachache. Mwananchi wa kawaida aliishia kutazama kutoka darajani.

Ndipo mwaka 1985 ikaanzishwa klabu ya Community Rowing, isiyotafuta faida, kwa nia ya kumfungulia mto kila mtu. Kwa miaka mingi haikuwa na nyumba yake. Ilitumia jengo la umma la mchezo wa kuteleza kwenye barafu. Majira ya joto, barafu ilipoondolewa, mitumbwi iliingia. Baridi iliporudi, mitumbwi ilipisha. Ni mwaka 2008 tu ndipo klabu ilipopata jengo lake kando ya mto, lililopewa jina la Harry Parker, mwalimu wa makasia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard kwa miaka 50. Kutoka 1985 hadi 2008 ni miaka 23 ya kuazima. Wale wa parokiani wanaosema, "Hatuwezi kuanza, hatuna jengo," wauangalie mfano huo.

Na wanaofundishwa hapo ni akina nani? Wapo watu wazima ambao hawajawahi kushika kasia maishani mwao. Wapo wasichana wa shule za umma za jijini. Wapo watu wenye ulemavu wa miguu au wa macho, wanaotengenezewa viti vya kuwafaa. Wapo pia askari waliorudi vitani na majeraha ya mwili na ya moyo. Sisi tunaouguza watu tunaona kuwa klabu hiyo inafanya kazi ya tiba, ingawa haina kitanda wala sindano.

Lakini jambo tunalotaka mlikumbuke kuliko yote ni lingine. Mitumbwi ya mashindano ya huko ni myembamba, na kwa kawaida wapigaji hawavai jaketi okozi. Badala yake mwalimu hufuatana nao katika boti ya injini yenye majaketi ya kuwatosha. Kwa hiyo ni desturi ya vilabu vya Marekani kumtaka mwanafunzi, kabla hajaingia mtumbwini, aonyeshe kwamba anaweza kuogelea. Kwanza maji, kisha kasia. Sisi tumelipindua jambo hilo: kasia tunalijua tangu utoto, maji hatuyajui.

Matokeo yake tunayaona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ziwa letu nalo lina makaburi yake. Hatujasahau MV Bukoba mwaka 1996, wala MV Nyerere mwaka 2018, iliyopinduka ikikaribia gati la Ukara na kuua watu 228. Hizo zilitangazwa redioni. Mtoto mmoja anayezama akichota maji, au mvuvi mmoja asiyerudi usiku, hatangazwi popote. Anaandikwa tu katika daftari letu.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kila parokia ya kando ya ziwa ianzishe kikundi cha makasia chini ya vijana wa VIWAWA. Mtumbwi uazimwe kwa waumini. Mwezi wa kwanza usiwe wa kasia bali wa kuogelea, mahali palipochaguliwa, pasipo na majani, mbali na konokono wa kichocho, na watoto wapimwe na kupewa dawa inapohitajika. Asiyejua kuogelea asishindane. Kila anayeingia mtumbwini avae jaketi okozi, na boti ya kuokoa iwe tayari. Tena wote wafundishwe huduma ya kwanza. Aliyezama asining'inizwe kichwa chini wala asikandwe tumbo ili atoe maji. Kama hapumui, apewe pumzi mdomo kwa mdomo na kubonyezwa kifua mara moja, huku wengine wakitafuta usafiri. Dakika zinazopotea kwa kumning'iniza ndizo dakika za uhai wake.

Wapo watakaosema kwamba si heshima msichana kuogelea na kupiga kasia. Tunawauliza: ni nani anayevuka kwenda kliniki na mtoto mgongoni? Ni nani anayechota maji alfajiri? Mama akijua kuogelea ameokoa wawili. WAWATA wanaweza kupanga saa yao, na mavazi ya heshima, na mwalimu mwanamke.

Wengine watasema ada ya jaketi ni kubwa. Ni kweli, si bei ndogo kwa mvuvi. Lakini tumeona familia ikichanga kwa ajili ya sanda, jeneza na chakula cha matanga. Michango hiyo hiyo ya jumuiya ndogondogo ingenunua jaketi moja kila mwezi, na mwisho wa mwaka kikundi kingekuwa nayo kumi na mawili.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Sisi tunaongeza kwamba kutapatapa hakumfikishi mtu ufukoni. Hata Mtume Petro, mvuvi wa miaka mingi, alipoanza kuzama alihitaji mkono wa kumshika. Vijana wetu nao wanahitaji mkono huo, na wauhitaji mapema, kabla mtumbwi haujapinduka. Wazazi, walei na makatekista, tuunyoshe sasa.

Kinga ni bora kuliko tiba.