NGUVU ZETU, MALI YA NANI?

Mtaa wetu waitwa Nguvumali. Ni jina zuri, nalo latukumbusha jambo moja: katika pwani hii ya Tanga nguvu za mtu zilikuwa mali kweli, ila kwa miaka mingi hazikuwa mali yake mwenyewe.

Wakoloni walipenda kusema kwamba walikuja kutuondolea utumwa. Haya, na tuikague hesabu yao. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja aliikodisha pwani hii kwa Kampuni ya Wadachi. Wenyeji hawakuulizwa. Mwezi wa Agosti Wadachi wakapandisha bendera yao Pangani, na watu wakakataa. Mapema mwaka 1889 Bunge la Berlin likatoa Mark milioni 2, ati za kukomesha biashara ya watumwa, na Wissmann akaletwa na jeshi. Tarehe 15 Desemba mwaka ule ule Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani.

Je, watumwa wakafunguliwa? Hata kidogo! Serikali ya Wadachi iliuacha utumwa uwe halali. Mwaka 1904 ilitamka tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Mama zao wakabaki vile vile. Sheria ya kuufuta utumwa wenyewe ilikuja mwaka 1922, wakati wa Waingereza, miaka 33 baada ya kitanzi cha Pangani.

Na katikati ya hayo ukaja mkonge, ulioletwa mwaka 1893. Mkonge wataka mikono. Kodi ya nyumba ikawekwa, ili mtu alazimike kuitafuta fedha kwa Mzungu. Watu wakatolewa Kigoma, Songea, Ruanda, Urundi na Msumbiji, wakaandikwa nambari, wakaitwa manamba. Manamba alipewa kipande cha siku 30, na mshahara haupati mpaka kipande kitimie. Huyu hakuuzwa sokoni, lakini alihesabiwa kama aliyeuzwa.

Basi Uhuru haukuletwa na huruma ya mtu. Wachukuzi wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939, chama chochote cha siasa cha kuwatetea kisipokuwapo. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuta watu ambao wamekwisha jifunza kusema "hatutaki". Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya mgeni ikashuka.

Lakini, ndugu wanachama, tuseme kweli hata ikiwa chungu. Abushiri twamheshimu kwa kuwapinga wageni. Naye pia alikuwa na shamba la miwa lililolimwa na watumwa. Wako mababu zetu walionunua watu, na wako mababu zetu walionunuliwa. Mkoloni aliitumia aibu hiyo kuwa kisingizio cha kututawala. Haifai sisi kuificha kwa sababu yeye aliitumia.

Twayasema haya kwa sababu ugonjwa bado haujapona. Barazani, katika posa, hata katika uchaguzi wa tawi, utasikia mtu akinong'ona: "Huyu babu yake alikuwa mtumwa wa fulani." Mwingine: "Huyu mwana wa manamba, si wa hapa." Anayesema hivyo amevaa kofia ya chama, na moyoni bado anashika daftari la bwana shamba.

Mtu aliyekata mkonge miaka 20 katika ardhi hii, na akazikwa humo, wajukuu zake ni wa wapi kama si wa hapa? Na yule ambaye bibi yake alipitishwa njia ya Pangani akiwa na kamba shingoni, nani ana haki kuliko yeye ya kuufurahia Uhuru?

Kwa hiyo twaomba mambo mawili. Walimu na wazee wawaeleze watoto habari zote mbili, ya bwana wa kigeni na ya bwana wa nyumbani. Na katika mikutano ya tawi, atakayeuliza babu ya mwenzake alikuwa nani aulizwe yeye: wewe umefanya kazi gani?

Uhuru na Umoja! Uhuru na Kazi!