Tumwulize Mtoto Kabla ya Kumpa Kidonge



Sisi wauguzi wa hospitali ya misheni tunaowahudumia watu wa Rungwa na vijiji vya jirani tumezoea kuletewa watoto wa shule wanaolalamika tumbo. Mara nyingi ni minyoo au malaria. Lakini wako ambao tunawapima damu, choo na mkojo, tusione kitu. Hapo mzazi husema, "Nesi, huyu anakwepa shule tu."

Mama mmoja alituletea binti yake wa darasa la tano. Alikuwa na maambukizo ya njia ya mkojo, kwa mara ya tatu. Mara mbili za kwanza tulimpa dawa, akapona, kisha akaugua tena. Safari hii tulimwomba mama atupishe kidogo, tukamwuliza mtoto: "Mwanangu, ukiwa shuleni unakunywa maji?" Akatikisa kichwa. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba vyoo vya wasichana havina milango na wavulana huchungulia. Kwa hiyo hanywi maji tangu asubuhi, na mkojo huubana mpaka arudi nyumbani.

Tuliona aibu. Tulikuwa tumetibu mara mbili bila kumwuliza mgonjwa mwenyewe. Mtoto asiyekunywa maji katika joto letu hili, tena akabana mkojo kutwa, huwapa vijidudu nafasi ya kuzaliana kwenye kibofu. Vidonge peke yake havimalizi ugonjwa huo. Unahitaji pia mlango wa choo. Na aliyejua habari za mlango ni mtoto, si sisi wala mama yake.

Wako watakaosema kwamba mtoto akipewa nafasi ya kusema atakosa adabu. Hatukubaliani nao. Adabu ni kujua namna ya kusema, si kunyamaza. Mtoto aliyezoezwa kunyamaza atanyamaza hata mtu mzima akimgusa vibaya. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Kuwasikiliza wanafunzi si jambo geni nchini. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walitaja wenyewe yanayowakwamisha masomoni, wakayaonyesha kwa michezo ya kuigiza. Baadaye mpango huo ulienea katika nchi nyingine za Afrika. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Kwa nini watoto wetu wa shule ya msingi wasubiri mpaka sekondari?

Basi tunashauri hivi:

Nyumbani, tusiishie kumwuliza mtoto amekuwa wa ngapi darasani. Tumwulize pia: Ulikunywa maji? Ulicheza na nani? Kuna anayekuogopesha?

Shuleni, kabla ya kikao cha kamati ya shule, wasichana na wavulana wakutane kila kundi peke yake, na mwalimu wanayemwamini. Wachague wa kuwasemea mbele ya kamati. Kisha wapewe jibu, hata kama ni "bado hatuna fedha". Mtoto asiyejibiwa hasemi tena.

Penye ukatili, simu ya bure ya watoto ni namba 116.

Baba wa binti yule ni mrina asali. Alipopata habari hakungoja mtu. Aliwaita wazazi wenzake, wakaleta mbao, wakatengeneza milango minne kwa siku mbili. Tangu hapo binti hajarudi kwetu kwa ugonjwa ule.

Wiki hii, katika jumuiya zetu ndogondogo, tuulizane: mara ya mwisho tulimwuliza mtoto habari za shule yake lini, tukamwacha amalize kujibu?