Hesabu ya dizeli inayowaponza wenye malori ya masafa marefu

WENYE malori yanayobeba kontena kutoka bandari ya Mombasa hadi mpakani Malaba huuliza maswali mawili kila wanapotaka kununua gari. Linakula mafuta kiasi gani? Na likiharibika, nani atalitengeneza? Majibu ya maswali hayo mara nyingi hugongana, na mgongano huo ndio ambao kwa miaka mingi umeamua ni malori ya aina gani yanayopita katika barabara kuu ya nchi, yanaendeshwa vipi na kwa nini baadhi yake huishia kuua watu mteremkoni.

Suala la mafuta si geni, lakini lilichukua sura nyingine mwaka wa 2023. Mnamo Julai mwaka huo ushuru wa ziada ya thamani, VAT, kwa bidhaa za petroli ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Ilipofika Oktoba, mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, ilitangaza bei ya dizeli jijini Nairobi kuwa Sh205.47 kwa lita. Mwaka uliofuata, Julai 2024, ada ya kukarabati barabara ikaongezwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita. Bei zilishuka baadaye, ila mwenye lori aliyepitia miezi hiyo hakusahau.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni takriban kilomita 930. Lori lililojaa shehena likienda kilomita mbili kwa kila lita, litahitaji lita 465. Lori jingine, lenye injini bora na dereva makini, likienda kilomita mbili na nusu kwa lita, litatumia lita 372. Tofauti ni lita 93 kwa safari moja ya kwenda tu, na kwa bei ya Oktoba 2023 hizo ni zaidi ya Sh19,000. Mwenye malori kumi yanayokwenda na kurudi mara kadhaa kwa mwezi hahitaji mhasibu kumweleza maana yake.

Hata hivyo, barabara hii haina huruma kwa injini yoyote. Lori huondoka usawa wa bahari na kupanda takriban mita 1,700 kabla ya kufika Nairobi. Kuliinua lori la tani 50, uzito wa kawaida kwa trela la ekseli sita lenye shehena kamili, hadi kimo hicho kunahitaji karibu lita 60 za dizeli kwa kazi ya kupanda pekee, kwa kuwa hata injini nzuri hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya mafuta kama joto. Hapo bado upepo, magurudumu na msongamano wa Mlolongo havijahesabiwa. Baada ya Nairobi kuna Bonde la Ufa, kisha mlima mwingine wa kuelekea Mau Summit na Timboroa, ambako barabara hupita katika nyanda za zaidi ya mita 2,500. Dereva wa Ulaya anayejivunia kilomita tatu kwa lita katika barabara tambarare za Uholanzi angepata somo hapa.

Kwa mtazamo wa mafuta pekee, basi, kila mwenye lori angenunua gari jipya lenye injini ya kisasa inayoendeshwa kwa kompyuta. Wengi hawafanyi hivyo, na sababu yao ina mantiki.

Injini za kisasa hurusha dizeli ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa ajabu, zaidi ya mara elfu moja ya shinikizo la hewa ya kawaida. Ili kustahimili hali hiyo, pampu na nozeli zake huundwa kwa vipimo vidogo mno, na dizeli yenyewe ndiyo inayozilainisha. Mafuta yakiwa na maji, mchanga au mafuta taa, sehemu hizo husagika, na lori ambalo jana liliokoa lita 90 leo limesimama kando ya barabara karibu na Kibwezi likisubiri kifaa cha mamia ya maelfu ya shilingi.

Mafuta taa ni jambo ambalo Wakenya wanalielewa vyema. Kwa miaka mingi yalitozwa ushuru mdogo kuliko dizeli kwa nia njema ya kuwasaidia maskini wanaopikia stovu na kuwasha taa za koroboi. Wafanyabiashara wakora wakaona mwanya: unachanganya mafuta taa na dizeli, unauza mchanganyiko kwa bei ya dizeli. Serikali ilichukua hatua mwaka wa 2018 kwa kutoza mafuta taa ada maalumu ya Sh18 kwa lita ili kufuta faida ya uchanganyaji. Hatua hiyo ilipunguza mchezo huo, ingawa aliyelipa gharama ni mama wa kijijini ambaye hajawahi kumiliki lori. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka wa 2015, nchi za Afrika Mashariki zilikuwa zimeanza kuuza dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, badala ya 500 za awali. Bila mabadiliko hayo mawili, kuzungumzia injini za kisasa katika barabara hii kungekuwa ndoto.

Lakini sifa mbaya haifutiki kwa tangazo la gazeti rasmi la serikali. Mwenye lori aliyewahi kupoteza injini kwa mafuta machafu huendelea kupenda gari kuukuu lenye pampu ya kawaida, ambalo fundi wa Mariakani au Mai Mahiu anaweza kulifungua kwa spana na kulirudisha barabarani kabla ya jua kutua. Linakula mafuta zaidi, naam, lakini vipuri vyake vimejaa maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, na halihitaji mtaalamu mwenye kompyuta. Kwake yeye lori linalookoa mafuta lakini likasimama siku nne limemtia hasara kuliko lori mlafi linalofika.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu za wenye magari hulipuuza. Lori lililokwama usiku, likiwa limewekewa matawi ya miti nyuma kama ishara, ni mtego. Matatu na magari madogo yameingia chini ya trela za aina hiyo mara nyingi. Uimara wa lori kwa hiyo si shauri la mwenye mali peke yake.

Hata mataifa tajiri hayajaepuka mvutano huu kati ya uchumi wa mafuta, uimara na sheria. Nchini Marekani, magari makubwa ya pikapu yenye injini za dizeli hupendwa na familia zinazovuta nyumba za magurudumu kwenda likizo milimani. Mnamo Desemba 2023, kampuni ya kuunda injini ya Cummins ilikubali kulipa faini ya Dola 1.675 bilioni kufuatia madai ya serikali ya nchi hiyo kwamba injini zake katika magari ya Ram ya miaka ya 2013 hadi 2019, takriban 630,000, ziliwekewa mbinu za kukwepa udhibiti wa moshi. Kampuni haikukiri kosa. Nako huko pia wapo wenye magari wanaong'oa vifaa vya kusafisha moshi wakidai vinakula mafuta na kuharibika ovyo. Malalamiko hayo hayo husikika katika gereji za Mombasa kuhusu malori yaliyotumika Ulaya, ambayo huhitaji maji maalumu ya kusafisha moshi na hukataa kwenda kwa nguvu zake zote yakikosa maji hayo. Fundi hukata waya, taa ya onyo inazimika, na moshi unawaachia wakazi wa kando ya barabara.

Tofauti ni kwamba Mmarekani akikosea hesabu hukatiza likizo. Katika barabara ya Nakuru hadi Mau Summit, hesabu mbaya ya dizeli hupoteza roho za watu.

Mteremko wa kutoka Sachangwan hadi Salgaa unajulikana na kila Mkenya anayesafiri kwenda magharibi. Ni hapa ambapo mnamo Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 waliangamia wakati lori la mafuta lililopinduka lilipolipuka moto huku umati ukichota petroli. Mnamo Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa na kuua watu 36. Baadaye vizuizi vya kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka vikajengwa. Mnamo Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo liliwavamia wachuuzi na magari katika makutano ya Londiani, ng'ambo ya pili ya Mau Summit, na watu 52 wakafariki.

Kila mkasa una chanzo chake, na si haki kuvitia vyote katika kapu moja. Ila kuna tabia moja ambayo maafisa wa trafiki wameilaumu kwa miaka mingi katika eneo la Salgaa: madereva wa malori kuweka gia huru, au hata kuzima injini kabisa, ili lori lijiteremkie lenyewe na mafuta yabaki tangini. Mabaki hayo huuzwa pembeni, kwa sababu waajiri wengi humpimia dereva lita maalumu za safari. Anachookoa ni chake, hata kama mwajiri hajui au anajifanya hajui.

Jambo la kusikitisha ni kwamba akiba hiyo karibu haipo. Injini ya dizeli inaposukumwa na magurudumu mteremkoni ikiwa ndani ya gia, na mguu wa dereva ukiwa nje ya kanyagio la mafuta, pampu huacha kabisa kurusha dizeli. Injini inazunguka bure na wakati huo huo inalizuia lori. Ukiweka gia huru, injini hulazimika kujiendesha ili isizime, na hutumia lita mbili hadi tatu kwa saa. Kwa maneno mengine, katika mteremko mkali dereva aliye kwenye gia hutumia dizeli sufuri, naye anayejidai kuokoa ndiye anayechoma.

Faida pekee ya gia huru ni kasi ambayo lori hufika nayo chini. Lori la tani 50 linalofika bondeni kwa kilomita 100 kwa saa, badala ya 40, limebeba nguvu inayolingana na takriban lita moja ya dizeli. Lita moja! Hata katika ule mwezi wa bei ya juu kabisa, hiyo ilikuwa Sh205.

Upande wa pili wa mizani ni mzito. Kwa kila mita 100 ambazo lori hilo linashuka, nguvu inayotolewa ingeweza kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji. Upepo na magurudumu humeza sehemu yake, lakini nyingi lazima ibebwe ama na injini ama na breki. Dereva akiondoa injini, joto lote huenda kwenye breki. Zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko, na wakati huo gia haiingii tena kwa kuwa mwendo umeshazidi. Na ikiwa injini imezimwa, kompresa haijazi tena upepo wa breki, na usukani unakuwa mzito kama jiwe.

Malori mengine ya kisasa huweka gia huru yenyewe, kompyuta ikiona kwamba mteremko ni wa taratibu, kisha huirudisha mara kasi inapozidi. Hapo akiba ni ya kweli. Dereva wa Salgaa hana kompyuta hiyo, na mteremko wake si wa taratibu.

Kampuni kubwa zimejibu kwa kuweka vifaa vya kupima mafuta tangini na mitambo ya kufuatilia gari kwa setilaiti. Vifaa hivyo huzuia wizi, lakini dereva anayelipwa kwa idadi ya safari bado ana kila sababu ya kukimbia. Wachache wamejaribu njia tofauti, ya kumgawia dereva sehemu ya pesa zinazookolewa kihalali na kumfunza kutumia breki ya injini. Ni ajabu kwamba jambo hili halijapewa uzito katika mafunzo ya leseni za magari mazito, ilhali gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya trela moja.

Serikali nayo huchoma dizeli ya watu bila kujua. Lori likisimama kwenye foleni injini ikinguruma hutumia zile zile lita mbili au tatu kwa saa. Mnamo Mei 2020, wakati wa vipimo vya Covid-19, foleni ya Malaba ilienea kilomita kadhaa na madereva wakalala barabarani siku nyingi. Agizo la kulazimisha kontena kusafirishwa kwa reli ya SGR, ambalo Mahakama Kuu ilipinga mwaka wa 2020 na Rais William Ruto akaliondoa Septemba 2022, liliwafanya wengi kusitasita kununua malori mapya kwa mkopo. Nani angekopa mamilioni bila kujua kama mwaka ujao kutakuwa na mzigo?

Mnamo Novemba 2025 Rais Ruto alizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, ambayo watumiaji wake watalipia. Kwa mwenye lori, njia pana isiyo na msongamano huongeza kilomita kwa kila lita, hasa pale lori linapoacha kusimama na kuanza upya katika mlima. Kama akiba hiyo itazidi ada atakayotozwa kutategemea viwango vya magari mazito. Mtu mwenye lori moja kuukuu ndiye atakayebanwa zaidi, maana gari lake halitapata akiba kubwa lakini litalipa sawa na lile jipya lililo mbele yake.

Mteremko wa Sachangwan utabaki pale pale, ukiwa na njia nyingi zaidi za kushukia.