Safu Inayosema Uongo

Kuna mstari mmoja wa msimbo niliouandika ambao bado unaniuma:

rename(jedwali, ana_kazi = s14)

Kama hujawahi kutumia lugha ya R, mstari huu unabadilisha jina la safu kwenye jedwali la data. Jina jipya hukaa kushoto, la zamani kulia. Safu iliyoitwa s14, yaani swali la 14, sasa inaitwa ana_kazi. Sekunde moja, kwisha. R itakugombeza ukichanganya herufi kubwa na ndogo, lakini haitakuuliza hata siku moja kama jina ulilotoa ni la kweli.

Swali lenyewe lilikuwa: "Wiki iliyopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo?" Mama mmoja alijibu hapana. Karani akaongeza kwenye maelezo: anachota maji mtoni, analima shamba la nyumbani, analea wajukuu watatu. Mimi, chai mkononi, ofisini Nairobi, nikampachika: ana_kazi, hapana. Grafu ikachorwa kwa jina hilo. Ripoti ikaandikwa kwa jina hilo. Kufika ukurasa wa mwisho, wanawake kama yeye walikuwa washageuka watu wasio na shughuli, wanaohitaji semina ya kujituma. Kujituma! Mtu anayeamka saa kumi alfajiri.

Nikalalamika. Nikaambiwa, "Ni jina la safu tu, bana. Namba ni zile zile."

Hapo ndipo ninapokataa. Ndiyo, namba ni zile zile, na ndiyo maana kosa halionekani. Anayechora grafu hasomi dodoso. Anayeandika ripoti hasomi hata msimbo. Wote wanaamini jina. Angalau s14 ilikuwa bubu: ukitaka kujua maana yake, lazima urudi kwenye swali. Ana_kazi inaongea, tena inaongea uongo. Kati ya safu bubu na safu nongo, nipe bubu.

Na tusisingizie lugha. Kiswahili kina kazi na kina ajira, na kila mtu mtaani anajua si kitu kimoja. Mwaka 2013, wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani, wakakubaliana kwamba kuchota maji na kulea watoto nyumbani ni kazi, hata kama si ajira. Kwa hivyo sina kisingizio. Safu ilistahili kuitwa ana_kazi_ya_malipo. Ni ndefu? R hailipishi kwa herufi.

Wenzangu mnaosafisha data za watu, naomba mambo matatu. Kwanza, usibadilishe majina kwa mkono ndani ya faili asili halafu ukalifuta la zamani. Andika kwenye msimbo, mtu akitaka kukufuata aone ulipopita. Pili, usibadilishe kwa nafasi, ati "safu ya tatu iite hivi." Siku mtu akiongeza safu moja mwanzoni, jina litahamia kwa majibu ya swali lingine, na R itanyamaza tu. Tatu, weka kamusi ya data: jina jipya, jina la zamani, na swali lenyewe neno kwa neno, kama lilivyoulizwa. Halafu kabla ya kutuma, jiulize: aliyejibu angesoma jina hili, angejitambua?

Wengine watasema naleta siasa kwenye hesabu. Siasa ilikuwepo tangu nilipomwandikia mama wa watu kwamba hana kazi, kwa sababu tu jina fupi linakaa vizuri kwenye grafu.

Mstari wangu nimeurekebisha. Ripoti ilikuwa ishatoka.