Huyo mbwa mkali ana mwenyewe

Ukiacha barabara kuu pale Mkuyuni ukapanda kwenye mawe, geti baada ya geti limeandikwa "Mbwa Mkali". Mimi hupita huko na ndoo ya dagaa kichwani, kwa hiyo hao wakali nawafahamu. Wengi si wakali, ni waoga. Mbwa anafungwa mnyororo tangu alfajiri, akibweka anapigwa, asipobweka anapigwa, watoto wanamrushia mawe, halafu usiku anafunguliwa na kutegemewa awe na busara. Wapo hata wanaomlisha pilipili, eti apate hasira!

Jirani na fundi cherehani kuna mbwa wa kienyeji, sikio moja limekatika. Bibi mwenye mji humwambia "kaa". Akikaa, ndipo anapewa kipande cha panki, yale mabaki ya samaki. Nikipiga hodi anabweka mara mbili, anamtazama bibi, ananyamaza. Mnataka ulinzi gani zaidi?

Kule Morogoro, shirika la APOPO linafundisha panya kunusa mabomu ya ardhini, na ujira wao ni chakula kama ndizi, si kiboko. Panya! Sisi bado tunaambiana mbwa haelewi bila fimbo.

Mtoto wa mbwa huzoea watu kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, na hapo ndipo tunapomfungia bandani. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo, akifikisha miezi 3, mpelekeni kwa mtaalamu wa mifugo. Maana akiniuma, gharama za sindano simdai yeye. Nakuja kugonga geti.